Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazishuki

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: “Wanasema mfumuko umeshuka, mbona dagaa wako juu? Takwimu za uongo!”

Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Tuseme sado ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza, imetoka shilingi 10,000 hadi 11,000 kwa mwaka: asilimia 10. Mwaka unaofuata ikifika 11,330, ni asilimia 3. Mfumuko umeshuka, bei imepanda, na maumivu ya mfukoni ni ya kweli kabisa.

Jipimie. Chukua bei ya leo, toa ya mwaka jana mwezi kama huu, gawanya kwa hiyo ya mwaka jana, zidisha kwa 100. Usipime kwa wiki moja: mwezi uking'aa, uvuvi wa taa hupungua na dagaa huadimika.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.