Je, anayeruka kwa parachuti hukosa pumzi angani?

Wengi wanaotamani kujifunza kuruka kwa parachuti huamini kwamba, kabla parachuti haijafunguka, upepo huwa mkali kiasi cha kumnyima mtu pumzi. Imani hiyo ni ya muda mrefu na inaeleweka, kwa kuwa wanagenzi wengi huhisi kifua kimebana mara tu wanapotoka mlangoni mwa ndege.

Hewa, hata hivyo, ipo ya kutosha. Mrukaji anayeanguka kifudifudi hufikia mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa, nao hauyazuii mapafu kufanya kazi. Na ijapokuwa katika kimo cha mita 4,000 hewa ni nyepesi kuliko ilivyo usawa wa bahari, mtu mwenye afya huimudu kwa muda huo mfupi, ambao kwa kawaida hauzidi dakika moja hivi. Mara nyingi kinachobana kifua ni hofu yenyewe: misuli hukakamaa, naye mtu huzuia pumzi bila kujitambua. Ndiyo maana baadhi ya wakufunzi humshauri mwanafunzi apige ukelele anapotoka, kwani hakuna apigaye ukelele pasipo kutoa pumzi, na akishaitoa, mwili huvuta nyingine wenyewe.

Msomaji anaweza kujipima: asimame mbele ya feni yenye nguvu, apumue polepole kwa pua, kisha akaze misuli ya kifua na kuzuia pumzi kwa makusudi, alinganishe hali hizo mbili. Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, kwa maana hilo ni suala jingine kabisa.