Video ya simu kwenye kipindi cha michezo: mtoto aangalie nini?

Walimu wengi wa michezo ninaokutana nao huku Mbeya na Iringa saivi wanarekodi wanafunzi kwa simu zao za tachi, na nafurahi sana kuona hivo, ila kuna jambo linaniumiza. Mwanafunzi anarekodiwa, anaitwa, anaoneshwa, mwalimu anamuuliza "umeona ulivyofanya?", mtoto anaitikia ndiyo mwalimu, anarudi kwenye mstari na kurudia kosa lilelile. Hajaona kitu. Ameona sura yake, viatu vyake na wenzake wanaocheka kule nyuma.

Mimi nafundisha elimu ya viungo kwa walimu tarajali kwahiyo hiki kitu ndo kazi yangu ya kila siku, na nachowaambia kwanza ni kwamba anayeanza kujifunza hajui aangalie wapi. Halijaanza leo hili. Mwaka 1976 watafiti Rothstein na Arnold walipopitia tafiti za kufundisha michezo kwa kanda za video walikuta anayeanza anafaidika pale anapoelekezwa sehemu ya kuangalia, wakati aliyekomaa anaweza kujitafutia mwenyewe.

Chukua tufe, ule mpira mzito wa chuma. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza na cha pili wanalirusha kama wanaangua parachichi, yani kiwiko kinashuka, tufe linatoka shingoni linaenda nyuma ya bega alafu ndo linatupwa. Kisheria ni kosa, tufe linatakiwa likae shingoni au karibu na kidevu na lisukumwe kutoka begani kwa mkono mmoja, na ukiacha sheria hapo kiwiko na bega vinaweza kuumia. Sasa ukimwambia "nyanyua kiwiko" anakubali na kweli anaamini amenyanyua, maana mwili wake unamwambia kiwiko kipo juu. Hapa ndo video ina kazi. Isimamishe pale mguu wa mbele unapokanyaga, mkono bado haujanyooka, muulize swali moja tu: kiwiko chako na bega lako, kipi kipo chini? Kaa kimya. Mwache aangalie ajibu mwenyewe. Usimtajie magoti, usimtajie nyonga, usimwambie alikuwa anaangalia chini, hata kama vyote hivyo unaviona na vinakuwasha mdomoni, atabeba kimoja tu. Alafu arudie palepale mara kadhaa bila kurekodiwa.

Na kabla hujamwonesha, muulize yeye amejisikiaje, kiwiko kilikuwa wapi. Wengi tunaruka hapa kwa haraka ya kipindi na mimi naona ndo penye faida kubwa kuliko simu yenyewe, maana siku ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hakuna wa kumwonesha video katikati ya mrusho wa kwanza na wa pili, lazima awe amezoea kujipima. Watafiti Salmoni, Schmidt na Walter waliliandika mwaka 1984, kwamba mrejesho wa kila mara unampandisha mtu wakati wa mazoezi, ukiuondoa anashuka kwa sababu ameutegemea. Kwahiyo wiki za mwanzo onesha mara nyingi kidogo, baadaye punguza, mwisho mwache aombe mwenyewe. Hiyo ya kuomba mwenyewe ilijaribiwa na Janelle na wenzake, 1997, kwa watu waliokuwa wanajifunza kurusha mpira kwa mkono wasiouzoea, na waliojiamulia lini waone video walijifunza vizuri zaidi japo waliomba mara chache tu.

Kamera weka ubavuni mwa mrushaji, usawa wa kiuno au kifua, iegemeze kwenye dawati au tofali na usiitembeze. Video ya kawaida inachukua fremu 30 kwa sekunde na ule msukumo wa mwisho haufiki hata nusu sekunde, kwahiyo kama simu yako ina slomo, yani video ya mwendo wa taratibu, ya fremu 120 itumie, unapata picha mara nne ya zile. Slomo inataka mwanga lakini, asubuhi za Juni kule Tukuyu subiri ukungu ufunguke kwanza. Jua likiwa kali nalo kioo hakionekani, wanafunzi wangu wanavua sweta moja wanajifunika vichwa wawili watatu wanaangalia humo ndani, inafanya kazi vizuri kabisa.

Darasa la watoto sabini huwezi kurekodi wote, usijaribu. Fanya vituo, kimoja tu kiwe cha kamera, kwingine wawe wawiliwawili na kila anayesubiri kazi yake ni kukodolea kiwiko cha mwenzake. Simu ikizima chaji kipindi kinaendelea.

Mwisho kuna jambo nalisisitiza mno kwa walimu vijana. Usioneshe darasa zima kosa la mtoto mmoja, hasa mabinti wanaoona aibu na nguo za michezo, kosa lake mwoneshe yeye peke yake. Ukitaka mfano wa wote tafuta mwanafunzi aliyepatia, muombe ruhusa. Na hizo video zisiende status wala kwenye magrupu ya wasap, wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni kwahiyo picha zote zipo mikononi mwako wewe, zifute kipindi kikiisha na wafahamu kuwa zimefutwa.