Jasho halisafishi damu

Huku Mbeya, baridi ya Juni na Julai ikikaza, utasikia kwamba asiyetoka jasho hubaki na sumu mwilini, basi ajifukize au anywe dawa ya kusafisha damu. Si kweli. Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kupoza mwili. Damu husafishwa na ini na figo. Figo huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu zote mwilini. Lita 1 hadi 2 tu ndizo hutoka kuwa mkojo. Tena kwenye baridi mishipa ya ngozi hubana, damu huelekea ndani, ndipo mtu hukojoa zaidi. Wanaonitia wasiwasi ni wanaokunywa mizizi wasiyoijua: mingine huharibu figo zenyewe. Uso ukivimba au mkojo ukipungua, nenda hospitali ukapimwe.