Je, wajua kwa nini espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, ya mgahawa huu ni tamu na ya mgahawa ule shubiri, na paketi ya kahawa ni ileile?

Kwa miaka mingi nikisafiri nilikuwa na kanuni yangu moja ya kijinga. Nikiingia mji mgeni napita barabara kuu nikichungulia vioo vya migahawa, nikiona ile mashine kubwa inayong'aa ya Kitaliano, yenye vichwa viwili au vitatu vya kutolea kahawa na mlio kama bodaboda iliyogoma kuwaka, basi naingia nakaa naagiza espresso. Hakuna mashine, napita zangu. Nimeitumia Dar, nimeitumia Lindi, nimeitumia hapahapa Mtwara ninapoishi, na kusema kweli ilinipatia kahawa mbovu mara nyingi kuliko nzuri, ila sikuiacha, maana kila nikinywa mbovu najisemea aah hawa wameuziwa mashine feki.

Kilichonivunja nguvu ni wiki moja tu. Alhamisi nilikuwa Lindi, mgahawa mmoja mzuri, mashine ya mamilioni, paketi ya kahawa ya Mbinga iko pale kaunta naiona. Espresso ikaja kabla sijamaliza kukunja mikono ya shati, nyepesi, chachu kama nimelamba betri. Jumamosi nikawa Shangani, Mtwara mjini, kamgahawa kadogo, mashine ya kichwa kimoja ambayo hata jina limeshafutika, paketi ileile ya Mbinga, ya kampuni ileile, na ile kahawa ilikuwa nzito, ina utamu fulani kwa nyuma, inanukia kama korosho zinazokaangwa. Nikamuuliza dada aliyeitengeneza siri nini. Akacheka, akagonga kile kidude cha pembeni chenye chombo cha punje juu yake, ile grainda ya kusagia, ambayo miaka yote hiyo mi nilikuwa naiona kama blenda ya juisi tu imewekwa pale.

"Siri iko huku kaka. Hiyo nyingine inasukuma maji tu."

Nilibisha. Nilibisha siku mbili nzima, hadi nilipokaa nikasoma mashine yenyewe inafanya nini, na kumbe dada hakukosea hata nukta. Mashine ya espresso kazi zake kubwa ni mbili, inapasha maji hadi nyuzi kama 90 hadi 96, halafu inayasukuma kupita kwenye kahawa kwa presha kama mara tisa ya hewa inayotuzunguka. Ili uione hiyo presha, chukua upepo ulio kwenye tairi la gari dogo kisha zidisha kwa nne. Ni nguvu nyingi, lakini ni nguvu tu, haina akili. Mashine ya bei mbaya inachokuzidishia hasa ni kutulia, yaani joto na presha havipandi wala kushuka hata ikitoa vikombe mia mfululizo, na hilo ni jambo la maana sana kwa mgahawa wenye foleni. Mimi nilikuwa mteja wa pekee saa nne asubuhi.

Na kosa langu lilikuwa na ndugu zake. Nilidhani pia espresso ni aina ya punje. Siyo. Nikadhani basi ni ukaangaji, kwamba lazima iwe nyeusi kama mkaa. Siyo pia, kuna watu wanaitoa kwa kahawa iliyokaangwa kidogo tu. Nikadhani ndiyo kahawa yenye kafeini nyingi kuliko zote, na hapo napo siyo, kikombe kimoja kidogo cha espresso kwa kawaida kinakuwa na kafeini pungufu kuliko kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja, sababu ingawa ni nzito, ni kidogo. Espresso ni njia ya kutengeneza. Angelo Moriondo wa Turin alisajili mashine yake ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milan akaja na ya kutoa kikombe kimojakimoja mwaka 1901, na baada ya Vita Kuu ya Pili Achille Gaggia akaleta ile ya mpini na springi iliyopandisha presha hadi hii tunayoizungumzia, ndipo na lile povu la kahawia likaanza kuonekana juu ya kikombe. Historia naiachia hapo, maana ndiyo iliyonipoteza, yote inasimulia mashine.

Sasa njoo kwenye kusaga.

Wengi wanaanzia kwenye gramu 18 za unga, wanataka zitoe kama gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Nani anapanga hizo sekunde? Mashine nyingi za migahawani presha yake haibadiliki, na kiasi cha unga hakibadiliki sana. Kinachobaki ni ukubwa wa chembe. Chukua ndoo ya maji umwage kwenye kokoto, yamepotea. Mwaga kwenye mchanga wa ufukweni, yanashuka taratibu. Mwaga kwenye udongo wa mfinyanzi, yanasimama yanakuangalia. Ndoo moja, maji yaleyale, mmwagaji mmoja. Kahawa iliyosagwa kama kokoto maji yanapita sekunde kumi yameisha, iliyosagwa kama vumbi la saruji maji yanadondoka tone tone hadi unamhurumia mhudumu.

Na kwa nini sekunde ziwe na maana? Hapa nisaidie na nazi. Ukikuna nazi kwa mbuzi yenye meno mabovu inatoka mapandemapande, ukiikamua unapata tui jepesi na machicha unayatupa yakiwa bado na mafuta yake ndani. Ikikunwa laini, tui zito linakuja lenyewe mkononi. Kahawa ni hivyohivyo, ikisagwa kubwakubwa maji yanagusa nje tu na kukimbia, utamu umebaki ndani ya machicha. Tofauti ni kwamba nazi ukiikamua mara ya tatu na ya nne inakupa maji meupe yasiyo na madhara, wakati kahawa ukiikamua kupita kiasi inakupa uchungu. Kwenye punje iliyokaangwa kama asilimia 30 hivi ndiyo inaweza kuyeyuka kwenye maji, na wanaojali ladha wanalenga kutoa asilimia 18 hadi 22 tu. Vitu vya uchachu vinayeyuka haraka, vya utamu vinafuata, vingi vya uchungu vinajivuta nyuma. Usielewe kwamba vinapanga foleni kama benki, vyote vinaanza kutoka pamoja, ila mwendo unatofautiana, kwahiyo ukikatisha mapema uchachu umetawala, ukichelewa uchungu umetawala. Ile betri ya Lindi ilikuwa kahawa iliyokatishwa mapema. Sikuiona grainda yao ila kwa ile spidi nina uhakika wa kutosha.

Hapo unaweza kusema basi isagwe laini kabisa tumalize. Hata mimi. Ila mwaka 2020 watafiti, akiwemo Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, walichapisha kwenye jarida la Matter kitu kinachochekesha kidogo, kwamba ukivuka kiwango fulani cha ulaini, kinachotolewa kinaanza kupungua badala ya kuongezeka. Umeshaona mvua ya kwanza ikipiga kwenye mteremko wa udongo ulioshindiliwa? Maji hayazami sawasawa, yanatafuta upenyo mmoja, upenyo unakuwa mfereji, na maji yote yanahamia humo. Ndani ya kile kikombe cha chuma chenye mpini kinachowekwa unga wa kahawa kwenye mashine ni hivyo, sehemu moja imeziba haipati kitu, nyingine inapigwa na maji yote, matokeo yake kikombe kimoja kina uchachu na uchungu kwa wakati mmoja, na nimeshakunywa hiyo, haielezeki. Wao wakashauri kahawa ichache kidogo, gramu 15 badala ya 20, na isagwe nene zaidi. Walichokuwa wanakifukuzia hasa ni kiasi kinachoyeyuka na kila kikombe kifanane na kingine, utamu ni suala la ulimi wa mtu, na wapo mabarista, yaani watengeneza kahawa, wazuri tu ambao hawajabadilisha chochote.

Kuna na hii, naipenda mno. Dada wa Shangani kabla ya kusaga alinyunyizia punje matone mawili ya maji kwa vidole, kama mtu anayenyunyizia nguo kabla ya pasi. Nikajua ni mbwembwe. Kumbe punje zikisagwa zinajichaji umeme tuli, chembe zinaganda mabongebonge, na mwaka 2023 Hendon huyohuyo akishirikiana na mtaalamu wa majivu ya volkano, ndiyo, volkano, Joshua Méndez Harper, walionyesha kwamba kaunyevu kidogo kanapunguza huo umeme na espresso inatoka nzito zaidi. Majivu yanayorushwa juu hadi yakatoa radi na kahawa ya grainda, fizikia ni jirani.

Halafu tatizo la mwisho, grainda haisetiwi mara moja ukaondoka. Kahawa ikikaa siku kadhaa tangu ikaangwe gesi yake inatoka na maji yanapita tofauti, kwahiyo namba ya kusagia ya Jumatatu si ya Ijumaa. Mabarista wa pwani watakwambia hata asubuhi na mchana si sawa, huyu analaumu unyevunyevu, yule analaumu grainda kupata moto, na hapo ni maneno ya watu wa kazi zaidi kuliko vipimo. Ninachojua dada alikuwa na kalamu, anaweka alama kwenye ringi ya grainda ya kupangia ulaini kila asubuhi, na kikombe cha kwanza cha siku anakionja mwenyewe kisha anakimwaga.

Kwahiyo siku hizi nikisafiri nachungulia pembeni ya mashine. Naangalia punje zinasagwa pale ninapoagiza au unga ulishasagwa tangu jana uko kwenye kopo, hilo la pili naagiza chai. Nasoma paketi kama ina tarehe ya kukaangwa. Nahesabu kimoyomoyo kuanzia anapobonyeza kitufe, nikifika kumi kikombe kimejaa najua kinachokuja. Povu silihesabu tena kama ushahidi, lile ni gesi iliyobanwa inatoka kama soda ikifunguliwa, na robusta, ile aina ya kahawa inayolimwa sana Kagera, inatoa povu jingi kuliko aina nyingine, arabika, ya Mbinga au Kilimanjaro hata ikiwa imeharibiwa vibaya. Maji nayo yana lake, visima vingi vya pwani vina chumvi au chokaa ya mawe ya matumbawe, ukiona birika la mgahawa lina ukoko mweupe ndani, na mashine yao tumboni iko hivyo, isipokuwa kama wanachuja.

Haya yote nilikuja kuyamwaga kijiweni, kwa mzee anayetuuzia kahawa jioni na dele lake juu ya mkaa, vikombe vidogo na kashata. Akanisikiliza vizuri, grainda, gramu, mpaka nikafika kwenye sekunde 27.

"Sekunde?" akauliza, huku anachochea moto. "Mi hii iko jikoni toka alasiri, mwanangu. Nikuongeze?"

Nikamwambia ongeza.