Kukiibua si lazima kukiokoa

Wengi huamini kwamba kitu cha kale kikikutwa chini ya bahari, wema ni kukiibua upesi kabla maji hayajakimaliza. Mara nyingi ni kinyume chake. Mbao zilizofukiwa kwenye tope lisilo na oksijeni huweza kudumu karne nyingi. Zikitolewa na kuachwa zikauke, maji yaliyokuwa yakizishikilia kwa ndani hutoka, nazo husinyaa na kupasuka. Chuma kilichojaa chumvi nacho, kikipata hewa, huanza kumeguka.

Tazama Vasa, meli ya Uswidi iliyozama mwaka 1628 na kuibuliwa 1961. Ilinyunyiziwa dawa ya kuhifadhi mbao kwa miaka 17, kisha ikakaushwa polepole, na hadi leo inahitaji uangalizi. Nani ana uwezo wa kufanya hivyo kwa kila chombo kilichozama?

Ndiyo maana Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unataka kuhifadhi mahali palepale kufikiriwe kwanza. Na hapa wapiga mbizi wa kujitolea wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Hupima, hupiga picha, huchora. Hurudi tena na tena kuona kama mchanga umehama au nanga imeburuzwa juu ya mabaki, wakawaarifu wataalamu. Hata Mary Rose, meli ya kale ya Uingereza, iliyoibuliwa 1982, ilichimbuliwa kwa msaada wa mamia ya watu kama hao. Kigae kikiondolewa bila kuandikwa kilipokuwa, hata kikitunzwa vizuri kabatini, hakiwezi tena kutuambia kililala karibu na nini.