Nani alisema kanisa lilikuwa la tajiri wa mgodi?

Kila nikifundisha habari za Wamethodisti waliofika Ribe, pwani ya Kenya, mwaka 1862, lazima mtu anyooshe mkono: "Mwalimu, kule kwao Uingereza si matajiri wa migodi ndio waliowajengea wachimbaji vikanisa ili watulie?" Juzi nimeulizwa tena. Nimechoka, acha niandike.

Mchukueni Billy Bray, mchimbaji wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliyezaliwa 1794. Mlevi wa kupindukia, akaokoka, akawa mhubiri mlei wa Bible Christians, moja ya matawi ya Wamethodisti. Kiwanja cha Bethel, kikanisa chake cha kwanza, alipewa na mama yake, kipembe cha shamba. Akitoka zamu shimoni anashika mawe. Kingine alichojenga kiliitwa Three Eyes, yaani Macho Matatu, kwa kuwa kilikuwa na madirisha matatu. Tajiri yuko wapi hapo?

Kinachoniudhi ni kwamba uongo huu una chembe ya ukweli. Ardhi ilikuwa ya wakubwa, na wako waliotoa viwanja, hata fedha. Lakini kupewa kiwanja si kujengewa! Tena Cornwall ardhi nyingi ilikodishwa kwa "maisha matatu": mkataba unataja watu watatu, na akifa wa mwisho, ardhi inarudi kwa mwenyewe pamoja na kila kilichosimama juu yake. Piga picha wadhamini wa kikanisa, bado wana deni la mbao, mmoja wa wale watatu kashazikwa, wa pili anakohoa.

Na huko kutulia kwenyewe? Mwaka 1831 mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe Durham na Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, uliongozwa na Thomas Hepburn, mhubiri wa Primitive Methodist, tawi jingine la Wamethodisti. Saa za watoto shimoni zikashuka hadi 12 kwa siku (ndiyo, zilishuka). Mwaka uliofuata chama chao cha wafanyakazi kikavunjwa, migodi ikamkataa, akawa anazunguka akiuza chai. Kusimama mbele ya watu alikuzoea kanisani.

Hata hivyo sitawaficha: viongozi wa Wesleyan, tawi kubwa la Wamethodisti, hawakupenda migomo, na Cornwall, walikojaa Wamethodisti, vyama vya wafanyakazi havikushika mizizi. Kuna siku hoja ya kutulizwa naikubali nusu. Halafu nakumbuka kule Cornwall wachimbaji waligombea sehemu za kuchimba kwa mnada, kila kikundi kikikubali malipo madogo kuliko mwenzake. Sasa aliyewatenganisha ni John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, au mnada? Binafsi nauelemea mnada, ila msiniapishe.