"Ana musu tu, ataacha": Dhana potofu kuhusu afya ya akili ya vijana wa Pasifiki

Wiki hii nimeisikia tena. Safari hii ni baba wa Kisamoa, mtu wa visiwa vya Pasifiki, aliyemleta bintiye kliniki kwetu, kusini mwa jiji la Auckland, Nyuzilandi, kwa kuwa shule ilimng'ang'aniza. "Ana musu tu huyu, ataacha." Musu kwa Kisamoa ni kununa na kugoma: ukiitwa huitiki, ukitumwa huendi. Nilishusha pumzi kwanza ndipo nikamjibu.

Wazazi wengi wanatarajia mwenye sonona awe mtu wa kulia pembeni. Kijana mwenye sonona mara nyingi halii, anafoka. Hasira za upesi ni dalili inayotambuliwa rasmi kwa umri huo, hata kama huzuni haionekani. Sasa mweke kijana wa namna hiyo katika nyumba ya fa'aaloalo, heshima ambayo mdogo hamjibu mkubwa, sembuse kumwambia "nimechoka kuishi". Atasemaje? Atanyamaza. Atalalamika kichwa kinamuuma. Ataacha mazoezi ya kwaya, kisha ataacha feau, kazi za nyumbani, na hapo ndipo moto unapowaka, maana katika nyumba hizo kuwatumikia wakubwa ndiko kuwapenda. Baba haoni ugonjwa, anaona dharau. Simlaumu sana. Nimelelewa Tanga, na mtoto mkaidi kwetu alikuwa na dawa moja tu, ambayo haikuwa ushauri nasaha.

Lakini musu ina sababu na ina mwisho. Amenyimwa simu, amekatazwa sherehe, keshokutwa anacheka. Hali hiyo ikifika wiki mbili mfululizo, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, na hata raga aliyoipenda haina ladha tena, hiyo si musu. Mnasubiri nini? Karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa Nyuzilandi, Te Rau Hinengaro, uliotolewa 2006 na kuhoji watu wa miaka 16 na zaidi, ulikuta kwamba kati ya watu wa Pasifiki waliokuwa na matatizo mazito ya akili, ni asilimia 25 tu waliofika kwenye huduma yoyote ya afya kwa ajili hiyo ndani ya mwaka. Kwa wananchi wote kwa jumla ilikuwa asilimia 58. Waliozaliwa Nyuzilandi walikuwa na matatizo zaidi kuliko waliohamia wakiwa watu wazima, kwa hiyo ile kauli ya "mbona sisi tulikua kisiwani na hatukuwa hivi" haimsaidii mtoto aliyezaliwa Ōtara, mtaa wa huku kusini mwa Auckland.

Na tafadhali, usimkalishe mezani ukamkazia macho na kumuuliza "una nini wewe?" Huo ni mkao wa kesi. Mchukue kwenye gari, au mmenye taro, yale magimbi, pamoja. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mdomo hufunguka. Wenzangu hunicheka kwa hili la taro. Wacheke.

Dhana nyingine: "Aombe Mungu zaidi." Aombe, sina ugomvi na sala. Tunatumia sana mfano wa afya uitwao Fonofale, ambao Fuimaono Karl Pulotu-Endemann alianza kuujenga 1984: nyumba ya Kisamoa, msingi wake familia, paa lake utamaduni, nguzo zake roho, mwili, akili, na ya nne ikibeba mengineyo kama jinsia na umri. Nguzo moja haibebi paa peke yake. Kijana akitaka mchungaji aje kikaoni, namkaribisha. Asipotaka, mchungaji atatusubiri nje.

"Huduma ya kiutamaduni ni mkeka ukutani na sala ya kufungulia." Hii huitoa wataalamu wenzangu, na ndiyo maana inaniudhi. Wasamoa wana neno va, ile nafasi iliyo kati ya mtu na mtu, ambayo kwao si tupu, hutunzwa. Mimi kabla ya kugusa fomu nauliza bibi yake anatoka kijiji gani na nani kamlea, nami naeleza kwetu na ukoo wangu. Dakika 20 zinakwenda hapo. Meneja hulalamika, kijana hurudi wiki ya pili.

"Watu wa Pasifiki ni wamoja." Tonga ina mfalme, Samoa ina matai, wakuu wa koo, na Waniue walioko Nyuzilandi ni wengi mara kadhaa kuliko walioko kisiwani Niue kwenyewe. Theluthi mbili hivi ya watu wa Pasifiki walioko huku wamezaliwa hukuhuku, na vijana wengi hawasemi lugha ya bibi zao, jambo linalowatia aibu kimyakimya. Usidhani. Uliza.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua utamtia wazo." Hapana. Tafiti hazioneshi hivyo, na wengi hupumua wanapoulizwa. Uliza kwa neno lenyewe, bila mafumbo: "Unafikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake wala usimhubirie. Ikiwa hatari ni ya sasa hivi, piga 111, namba ya dharura ya Nyuzilandi. Vinginevyo, kwa walioko huku, pigeni au tumeni ujumbe kwa 1737, bure, mchana na usiku, na anayepokea ni mshauri aliyefunzwa.